Ngiri, Kindi na Kanda ya Kwanza

Paukwa.

Pakawa.

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo, na tumeyaosha.

Na midomo je?

Tumeiacha mlangoni, inalindana.

Basi mwenye sikio na asikie, na mwenye usingizi na asogee ukutani, asije akamwangukia jirani.

Palikuwa na bendi ya vyura katika bwawa la Matete, bendi iliyopiga roki hata kokoto zikatetemeka chini ya maji: kro-kro-ndi, kro-kro-ndi. Mwimbaji wao aliitwa Bi Kororo, chura mwenye koo pana na moyo mpana zaidi. Walikuwa wametoa kanda tatu. Ya kwanza iliitwa Matope, nayo waliipiga kwa madebe na magome ya miti. Ya pili iliitwa Umeme, kwa kuwa walimwalika kambare mwenye umeme mwilini alale chini ya gitaa, na gitaa likalia wiii hata mamba akafumba kinywa kwa adabu. Ya tatu iliitwa Umande. Hiyo walitia kinanda, ikatiririka taratibu kama maji yanayojua yaendako.

Katika nchi ile kila shabiki alikuwa na redio yake na kanda zake, na utepe wa kanda ukilegea aliukaza kwa mwiba wa nungunungu, kri-kri-kri, kisha akaendelea kusikiliza.

Sasa, palikuwa na Ngiri. Ngiri alikuwa na nguvu, meno yaliyopinda kama mundu, na tumbo lisilolijua neno "yatosha". Alikula akiwa amepiga magoti, na wageni wapitao walidhani anaomba. Laiti. Alikuwa anakula vikapu vya wenzake. Maana Ngiri alijitangaza kuwa shabiki wa kwanza wa bendi, na kwa ushabiki huo akajitwalia jiwe la mbele, lile linaloligusa bwawa, akatoa na sheria: aliyeanza na kanda ya kwanza ataketi jiweni, aliyeanza na ya pili ataleta kikapu cha chakula, aliyeanza na ya tatu ataleta vikapu viwili na kuketi nyuma ya kichuguu. Na kwa kuwa ni yeye aliyeamua nani ameanza na nini, jiwe lile lilikuwa na mkaaji mmoja tu. Naye akishashiba vikapu, alisinzia kabla ya wimbo wa kwanza kuanza. Ole wake aketiye karibu na madhabahu ili aione meza.

Asubuhi moja wanyama walikutana majini, na kama ilivyo desturi ya mashabiki, wakabishana.

"Mimi ni wa Umeme," alisema Kanga. "Lile gitaa likianza tu, madoadoa yangu yote husimama."

"Umeme ni tamu, dada Kanga," alisema Kindi, mnyama mdogo mwenye mkia mkubwa kuliko nasaba yake. "Lakini Umande ilinifanya nilie juu ya mti hata nikadondosha karanga. Hawa vyura wamekua."

Ngiri akainua pua kutoka kwenye kikapu. "Wamekua? Wameoza. Kanda ya kwanza ndiyo kanda. Zilizofuata ni kelele."

"Kila sikio na chakula chake, Mzee."

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda, bwana mdogo."

"Na kidonda cha zamani, Mzee, kina nzi."

Wanyama wakacheka. Ngiri hakucheka. "Kwa neno hilo," alisema, "vikapu viwili havikutoshi tena. Keshokutwa bendi inapiga. Utaniletea ghala lako lote la karanga, ama usilikanyage bwawa hili maisha yako yote."

Kindi akarudi kwake na moyo mzito. Ghala lile ndilo lililokuwa kiangazi cha wanawe. Na Bi Kororo ndiye aliyeipoza roho yake mwaka ule mwewe alipomchukua mkewe. Usiku baada ya usiku Umande ilicheza kwa sauti ya chini, hata watoto wakalala naye akaweza kulala. Achague lipi, mkate au faraja? Ni neno gumu kumchagulisha mjane.

Njiani akapita karibu na tope la Ngiri. Ngiri alikuwa amelala humo, redio kandokando ya sikio, kanda ya Matope ikizunguka. Kindi akasikia: waaauu, groooo, shiii, waaauu.

Akasimama. Akasikiliza tena. Kisha akageuka, akaenda mbio hadi majani ya yungiyungi alipokaa Bi Kororo.

"Mama," alisema, "zile nyimbo za Matope mliziimba polepole?"

Bi Kororo akacheka hata koo likajaa. "Polepole? Mwanangu, tuliziimba kama walioingiliwa na siafu. Tulikuwa vijana, tuliogopa mvua itaisha kabla ya wimbo."

"Basi Mzee Ngiri anasikiliza nini?"

"Anasikiliza utepe uliovutika. Ameilaza kanda hiyo topeni na juani tangu alipoinunua, na kila inapokwama anaikaza kwa nguvu zake zote. Hata mimi nikipita pale siitambui sauti yangu."

Kindi akaukuna mkia. Tazama, wana wa jangwani walililia matango ya Misri wakausahau mjeledi; lakini huyu alikuwa akiyalilia matango asiyopata kuyaonja.

"Mama, niazime Umande yako," alisema Kindi, "na uniwie radhi kwa nitakayoitendea."

Akaichukua kanda ile mpya, akaizika topeni. Akaifukua, akaianika juani. Akauingiza mwiba wa nungunungu, kri-kri-kri, akaukaza utepe hata ukalalamika. Kisha akawapa wanawe wauvute huku na huku. Alipoiweka redioni, ikatoa: waaauu, groooo, shiii. Kindi akatabasamu.

Siku ya bendi ikafika. Wanyama walikusanyika mchana kweupe, kila mmoja na kikapu chake. Kindi akaja akiburuta magunia ya karanga, akayaweka mbele ya jiwe, akayafungua midomo ili harufu itoke. Ngiri akameza mate.

"Mzee wangu," alisema Kindi kwa heshima, "ghala hili hapa. Lakini wapo wanong'onao kwamba sikio lako halijui tofauti. Mimi nawakatalia. Tuwanyamazishe. Tutasikizishwa nyimbo mbili, moja ya Matope na moja ya Umande, wapigaji wamefichwa. Ukiitambua Matope, chukua karanga hizi, na za kiangazi kijacho pia. Ukikosea, vikapu virudi kwa wenyewe, na jiwe hili liwe la yeyote atakayewahi."

"Za kiangazi kijacho pia?"

"Pia."

"Pigeni," alisema Ngiri.

Maneno ya nyimbo hayakuweza kumsaidia, kwa sababu nyimbo zote za vyura zina neno moja tu, nalo ni kro. Kanga akaibonyeza redio nyuma ya kichuguu. Waaauu, groooo, shiii, waaauu. Ngiri akafumba macho. Chozi likamtoka, likapita kwenye jino, likadondoka.

"Hiyo," alisema. "Hiyo ndiyo. Sikieni ule uzito. Siku hizo vyura walikuwa vyura."

Kisha nyuma ya matete bendi yenyewe ikaanza, kwa madebe na magome, mbio mbio: krokrondi-krokrondi-krokrondi. Ngiri akaziba masikio kwa miguu yake ya mbele.

"Kelele za watoto," alisema. "Hiyo ndiyo Umande yenu. Haina mizizi, haina adabu. Kanda ya kwanza ndiyo kanda. Zilizofuata ni kelele."

Matete yakafunuliwa. Bi Kororo alikuwa amekaa na debe mapajani, lile lile la zamani, lenye kutu.

"Mzee," alisema kwa upole, "hiyo uliyoilaani ndiyo Matope, vile vile tulivyoipiga siku ya kwanza. Na hiyo iliyokuliza ni Umande."

Kanga akaitoa kanda redioni, ikidondosha tope, akamwonyesha jina lake. Divai mpya ilikuwa imetiwa katika kiriba kikuukuu, na kiriba hakikupasuka. Kililia kwa furaha mbele ya mkutano.

"Kwa hiyo," alisema Ngiri, "mimi naipenda kanda ya tatu?"

"Unaipenda, Mzee," alisema Kindi. "Ikiwa na tope kidogo."

Wanyama wakacheka hata bwawa likafanya mawimbi. Ngiri akanyanyuka kwa aibu, akatimua mbio, mkia umesimama wima kama antena. Na hadi leo ngiri akikimbia huusimamisha, akiitafuta ile sauti ya zamani. Vikapu vikarudi kwa wenyewe. Lakini Kindi alimfuata hadi topeni, akamwachia konzi ya karanga na ile Umande iliyoharibika. Maana aliyeshindwa naye ana tumbo, na ana sikio.

Mwaka uliofuata bendi ikatoa kanda ya nne, iliyoitwa Ukungu, yenye tarumbeta. Kindi aliwahi mapema, akaketi juu ya jiwe la mbele, akasikiliza wimbo wa kwanza, akasikiliza wa pili, akakunja mikono.

"Aa," alisema. "Hawa wamepotea. Umande ndiyo kanda. Zilizofuata ni kelele."

Nyuma ya kichuguu sauti nene ikajibu: "Bwana mdogo, niletee hiyo kanda. Tope ninalo."

Upande wa kwanza umekwisha hapo. Anayetaka upande wa pili na augeuze mwenyewe nyumbani kwake. Na fundisho lake, wanangu, mlishike sana: waheshimuni walioanza na kanda ya kwanza, kwa maana ya kale ni dhahabu, hasa yakizikwa topeni tangu juzi.