Mkeka wa Bi Nunu

Wewe unayenisikiliza, umemaliza nini? Sikuulizi umeanza nini. Kuanza hakumshindi mtu. Nauliza umemaliza nini. Usinijibu sasa. Msikilize kwanza Mize.

Mwanamke mmoja alikuwa na mama kipofu. Mwanamke ni huyo Mize, mama yake ni Bi Nunu. Zamani, macho yake yalipokuwa mazima, Bi Nunu ndiye aliyemfundisha bintiye kusuka ukili, ule mkanda mrefu wa miyaa, majani makavu ya mkindu, unaoshonwa ukawa mkeka. Uzee ulipomlaza hakutaka kanga wala sukari. Alitaka mkeka mmoja wa mkono wa mwanawe, aulalie siku zilizobaki. "Mweupe tu, mwanangu," alisema. "Rangi nitaionea wapi?"

Mize alilia, akaapa. Na aliapa kwa moyo. Simsimulii mtu mbaya. Mkeka wa kitanda hautaki zaidi ya pima ishirini za ukili. Pima moja kwa siku, siku ishirini, kazi imekwisha. Kesho yake akaenda kukata miyaa, akaianika, akaichana, akakaa kusuka. Alipofika shubiri tatu akajiuliza: mkeka wa mama yangu uwe mtupu hivi, majirani watasemaje? Akauweka kando, akainjika sufuria ya rangi. Akaanza mwingine, mwekundu. Kisha akaona ukili wa kijani kwa mtu, wa kwake ukamchosha. Akatafuta kisu kipya, maana kile cha zamani kilimharibia mkono. Akatafuta pakacha zuri la kuwekea miyaa. Akatafuta hata mkeka wa kukalia wakati wa kusuka mkeka. Kila alichoanza alikitundika ukutani, na kila aliyeingia alisifu. Nyumba ikapendeza. Mama yake aliendelea kulala juu ya jamvi lililochakaa.

Jirani yake, Kazija, alikuwa na kisu kimoja kilicholika. Kila asubuhi, akishafagia uwanja na kabla chungu hakijachemka, alikaa mlangoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akasuka pima moja, akaipima kwa mikono miwili, akainuka. Siku mkono ulipokuwa mzito, pima moja. Siku mkono ulipokuwa mwepesi, pima moja vilevile. Mize alimcheka: "Kazija, umekuwa saa ya msikitini!"

"Saa haina rangi, shoga yangu," Kazija alijibu bila kuinua kichwa, "lakini watu huswali kwayo."

Masika yakapita, vuli ikapita. Asubuhi moja Bi Nunu akakataa uji, na kesho yake akakataa tena. Hapo Mize akaingia chumbani, akasimama mbele ya ukuta wake, akahesabu. Vianzio thelathini na kimoja. Kirefu kuliko vyote, ukikisimamisha chini, hakikumfika kiunoni.

Akaenda kwa Kazija, akaomba. Kazija akaingia ndani, akatoka na mkeka mweupe uliokunjwa. "Uchukue," akasema. "Ila Bi Nunu amekosa macho tu. Vidole anavyo."

Mize akashona pindo jekundu kuuzunguka mkeka ule, na ilipofika alasiri ukawa wake. Wanawake waliokuja kumtazama mgonjwa wakapiga vigelegele vya chini kwa chini. "Mashaallah, mkono wa mama umemfuata mtoto." Mize akainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa. Hilo, angalau, alikuwa amelifanyia mazoezi mpaka mwisho.

Wakamlaza Bi Nunu juu ya mkeka. Vidole vyake vikaanza kutembea.

Sasa, ujue jambo hili. Tangu utoto Mize alikuwa na kasoro moja: kila alipofika ukingoni, mahali ambapo ujani hugeuzwa, aliuvuta kupita kiasi kwa haraka ya kumaliza, na ukili wake ukawa unang'ata kando kama meno ya panya. Bi Nunu alimkemea kwa miaka, kisha akaacha, kisha akaipenda kasoro ile, kama mtu anavyopenda kovu usoni kwa mwanawe. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Vidole vilikwenda hadi mwisho wa mkeka, vikarudi, vikaenda tena polepole zaidi, kama mtu aliyempoteza mtoto sokoni. Ukili ulikuwa laini, sawasawa, hauna dosari.

"Mwanangu," Bi Nunu akasema, "mbona sikuoni humu? Uko wapi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Mize, tena mzuri, wenye rangi zake: kwamba amejirekebisha, kwamba mkono wake siku hizi umetulia. Wanawake walikuwa wakiungoja, na wangeuamini. Mkono wa mama yake ulikuwa bado umewekwa juu ya mkeka, wazi, unamngoja.

"Simo, mama," akasema Mize, kwa sauti ambayo hata aliyekaa mlangoni aliisikia. "Mkeka ni wa Kazija. Mimi nimeshona pindo."