Kisu cha Bi Chiyo

Sogeeni, lakini aliyekuja na njaa asiseme sikumwonya. Hadithi yangu inanukia siagi na hapa hakuna sahani. Kuna swali tu, na swali lenyewe limenishinda.

Katika mji mmoja wa kando ya ziwa, mlango wa pili kutoka kwangu, yupo mama lishe aitwaye Mama Milembe, na wanawe watatu hupika pamoja naye. Milembe, wa kwanza, alijaliwa mkono: kisu akikishika yeye hakikosei. Masalu, wa pili, alijaliwa ulimi: huonja mchuzi mara moja akakutajia kila kilichomo, mpaka maji yamechotwa bomba gani. Kwandu, kitinda mimba, alijaliwa sikio: huupa moto mgongo, akajua kwa sauti tu kama sufuria inataka makaa au inataka huruma.

Vipaji vitatu, jiko moja. Waligombana kutwa, huyu chumvi, yule moto, mpaka wateja tukawa tunakula na kusikiliza kama redio. Mama yao, ambaye mikono imeanza kumtetemeka, akachoka.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," akasema, "nami ninao watatu. Mwaka huu jiko namkabidhi mmoja. Wawili watafute moto kwingine."

Kauli hiyo iliwachoma. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kazi nyingine, wala aliyetaka kuijua.

Ndipo akaja Mwalimu Hirano, Mjapani aliyefundisha uchomeleaji katika chuo cha mji wetu miaka ya nyuma, akila kwa Mama Milembe kila mchana. Safari hii alirudi mzee, amefiwa na mkewe. Akakaa meza yake ya zamani, lakini chakula kikarudi jikoni nusu.

"Mwalimu, mbona huli?"

"Ninakula, Mama Milembe. Ila tangu Chiyo afariki, kila kitu kina ladha ya karatasi. Yeye alikuwa akinipikia minofu ya samaki mweupe kwa mchuzi wa siagi na miso. Nikimla samaki yule hata mara moja, nadhani njaa itanikumbuka."

Akafungua mkoba, akatoa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kikopo cha hiyo miso, yaani maharage ya soya yaliyopondwa yakachachushwa kwa chumvi. Vilikuwa vimebaki vijiko vitatu. Cha pili kilikuwa kisu cha mkewe. Jina la Chiyo limechongwa ubavuni, na kando yake pana nafasi ya jina moja zaidi.

"Hatukujaliwa mtoto. Nitampa atakayempika samaki huyo. Jumamosi naondoka."

Mama Milembe akawageukia wanawe. "Mmesikia. Atakayepewa kisu ndiye atakayepewa jiko."

Siku ya kwanza waliaibika. Watu wa ziwa sisi, jamani! Samaki tunamjua tangu tumboni mwa mama zetu, lakini minofu hatujui kuipika. Minofu ya sangara hutoka kiwandani ikapanda ndege. Sisi hubakiwa na vichwa na mapanki, yale mafupa yaliyokwishachunwa nyama. Basi wakaitendea minofu kama mapanki: ndimu, chumvi, mafuta tele, ikakaangwa mpaka ikagonga sahani. Kijiko kimoja cha miso kikapotea humo. Mwalimu akatafuna kwa heshima, akasema asante, na kilichobaki akala mbwa wa jirani. Mbwa huyo ni wangu, kwa hiyo nina ushahidi.

"Kila mtu ashike analoliweza," Milembe akawaambia wenzake. "Tutagombana baadaye."

Milembe akashika samaki. Alfajiri alikwenda mwaloni, wanakotua wavuvi, kuchagua sangara mzima, akanoa kisu chake kifupi kwenye jiwe, akaanza kupasua. Samaki wa kwanza aliharibika, wa pili na wa tatu vilevile. Mtaa mzima tulikunywa supu. Wa nne alikubali. Akapitisha ncha ya kidole juu ya nyama, akang'oa mwiba mmoja mmoja kwa kibanio, kwa sababu koo la mzee si la kuchezea. Akakata vipande vya unene mmoja na kuvikausha kwa kitambaa safi.

Masalu akashika mchuzi. Akachovya kidole katika kikopo, akafumba macho. "Miso peke yake haitoshi. Kuna kitu kingine alikuwa anatia." Akaenda kumuuliza Mwalimu, naye akakumbuka kwamba mkewe alikuwa akichemsha kwanza samaki wadogo wakavu. Masalu akaangua kicheko: dagaa! Mama yake hakucheka.

"Mgeni ametoka Japani, wewe umpe dagaa? Watu watatuonaje?"

"Watuone wanavyotaka, mama."

Chungu cha kwanza kilitoka kichungu. Akakaa kitako, akang'oa vichwa na matumbo ya dagaa mmoja baada ya mwingine, bakuli zima, wapita njia wakimtania kwamba ameoa dagaa. Akawaloweka, akawachemsha polepole, akachuja. Kijiko cha pili cha miso kilikwisha katika kujaribu. Alipopata ladha aliyoitaka, alilia, na wala hakujificha.

Kwandu akashika moto. Jiko la mkaa halina kitufe cha kupunguza. Alikuwa akiondoa makaa kwa koleo, moja moja, na kuyarudisha. Siagi ya maziwa ilikuwa adimu, akaunguza kipande baada ya kipande mpaka akaelewa kwamba siagi hupiga kelele ikiwa bado na maji, na ikinyamaza ujue inakaribia kuungua.

Ijumaa mchana kilibaki kijiko kimoja cha miso na bonge moja la siagi. Kukosea ilikuwa ndiyo basi. Kwandu akatia nusu ya siagi kikaangoni, akasikiliza. Ilipokaribia kunyamaza, akalaza minofu. Upande mmoja ulipata rangi ya dhahabu, akageuza, akaepua. Akamimina supu ya dagaa aliyoikoroga Masalu na miso, akatoa makaa yote isipokuwa mawili, akatia siagi iliyobaki kidogo kidogo huku akikoroga, mchuzi ukawa mzito na kung'aa bila kukatika.

Mwalimu Hirano alikula, akamaliza. Akachukua tonge la ugali akafuta sahani yote, kisha akaweka mkono machoni.

"Ni wenyewe," akasema. "Mama Milembe, naomba sahani nyingine."

Ya pili alipoimaliza, akaweka kisu mezani. "Nani amempika?"

"Mimi," wakajibu watatu kwa pamoja.

Hapo kelele zikarudi. "Bila mimi angekabwa na mwiba," akasema Milembe. "Bila mimi angekula samaki tu, asimkumbuke mtu," akasema Masalu. "Na bila mimi, dada, mngempa mkaa!" akasema Kwandu.

Mwalimu akamtazama mama yao. Mama Milembe akatikisa kichwa. "Hawa nimewazaa kwa uchungu ule ule. Siku tatu jiko langu lilikuwa na amani, nikasahau kwamba wanashindana. Mimi siwezi."

"Basi nitaondoka nacho," Mwalimu akasema, "maana fundi wa kuchonga yuko kwetu. Jumatatu nitapiga simu. Mnitajie jina moja lichongwe, nami nitakituma."

Mama Milembe akanigeukia mimi niliyekuwa nanyemelea mabaki. "Jirani, wewe huna upande ila tumbo lako. Amua."

Nilitaka kutenda haki, walahi. Nikaenda kwa kila mmoja peke yake, nikamwambia anipikie samaki wa siagi bila ndugu zake, hata kama miso hakuna; siagi niliisaka mimi. Wa Milembe hakuwa na mwiba hata mmoja, lakini aliungua. Wa Masalu alikuwa na mchuzi wa kulilia, nikatoa miiba mitano. Wa Kwandu alipendeza kama bibi harusi, ladha hakuna.

Msiniambie wagawane. Najua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kisu kina nafasi ya jina moja, na mama ameapa jiko ni la mtu mmoja. Atakayetajwa atabaki. Wawili watafunga virago vyao na kutoka, na sijui kama samaki yule ataliwa tena.

Leo ni Jumatatu. Simu iko mezani kwa Mama Milembe, na wanawe watatu wameizunguka, hakuna anayepika. Nimekimbilia kwenu kabla haijaita. Mkono, ulimi, au sikio? Je, wewe ungetaja jina la nani?