Msumari wa Gurudumu la Nyuma

Kitu kilichoingia mvunguni mwa kitanda hakitoki kwa kuamriwa. Utakiita, utakitishia, utamtuma mtu naye ataapa kwamba amekwisha kukitoa, nacho kitabaki palepale hadi mwenye haja apige magoti na anyooshe mkono. Ndiyo maana wahenga wakasema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii hutufunza kwamba anayetaka jambo hana budi kukubali taabu yake, na pengine aibu yake pia. Bwana Pasi aliijua tangu shule ya msingi na aliwahi kupata alama zote katika swali lake. Kuitenda ndiko kulikomshinda hadi umri wa miaka hamsini na miwili.

Bwana Pasi alikuwa karani mkuu wa masjala. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya suruali zake, ambazo mstari wake wa pasi ulisimama wima kama wembe. Mtu anayeutunza mstari wa namna hiyo hawezi kuinama ovyo. Kalamu yake ikianguka, alifungua droo akachukua nyingine. Viatu vyake havikuwa na kamba. Mkewe alizoea kusema kwamba akifa hatahitaji kunyooshwa, kwani atakuwa amekwisha kunyooka siku nyingi.

Alikuwa na gari dogo, kuukuu lakini safi, lenye rangi ya chai ya maziwa. Tairi lake la nyuma, upande wa kulia, lilianza kupungua upepo. Kila baada ya siku tatu gari liliinamia upande huo kama mtu anayesikiliza umbea. Bwana Pasi hakulitazama mara mbili. Alilipeleka kwa fundi aliyeitwa Profesa, mtu mwenye maneno mengi kuliko spana.

Gereji ya Profesa ilikuwa banda la mabati, na katika banda hilo palikuwa na kiti cha wateja. Kiti kilikuwa kizuri, chenye mto, na kilielekea barabarani. Mteja alikaribishwa, akapewa gazeti na kikombe cha chai, akaketi akiwa ameligeuzia gari lake mgongo. Bwana Pasi alikipenda mno kiti hicho. Alipoitwa kuja kuliona gari lake, tairi lilikuwa limesimama imara na limepakwa dawa nyeusi ya kung'arisha hata likameremeta kama kiatu cha bwana harusi.

Mara ya kwanza Profesa alisema, "Ilikuwa valvu, mzee wangu." Mara ya pili alisema ni beringi. Mara ya tatu alikuna kichwa, akatikisa gari kidogo, akatoa uamuzi: "Shokomzoba zimechoka. Gari likiruka kwenye shimo, upepo unashtuka, unatoka."

Bwana Pasi aliyapeleka maneno hayo nyumbani kama yalivyo. Mama mkwe wake, aliyekuwa akinywa chai, alicheka hadi ikampalia.

"Upepo unashtuka!" alisema alipopata pumzi. "Baba, hebu inama uliangalie tairi lako mwenyewe. Lipake maji ya sabuni. Penye tundu patatoa mapovu."

"Mama, kila kazi na mwenyewe," alijibu Bwana Pasi kwa upole. "Fundi ameshalishughulikia."

Bibi huyo hakuwa akibahatisha. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa utingo wa lori la marehemu mumewe. Mume alishika usukani, naye alipakia unga, alisukuma lori na kuziba matairi. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na ulimwengu ulikuwa kwake kama kioo chenye mvuke. Alikuwa na kitukuu wa miezi minane ambaye hakuwahi kumwona. Alimjua kwa kilio chake na kwa harufu ya mafuta ya mwilini tu. Usiku alimpapasa uso, pua, kidevu, akiuliza, "Kafanana na nani huyu?" Kila mtu alimpa jibu lake, na yeye hakumwamini yeyote.

Hatimaye barua ya hospitali ilifika. Daktari wa macho, ambaye huja mara moja kwa nusu mwaka, angempasua siku ya Alhamisi saa nne asubuhi. Asiyekuwapo jina lake linapoitwa mara ya tatu, nafasi yake hupewa mwingine.

Jumatano Bwana Pasi alilipeleka gari kwa Profesa kwa mara ya nne, kwa tahadhari. Lilirudi likimeremeta. Alhamisi alfajiri mkewe alitangulia hospitali kushika foleni. Saa mbili na nusu, Bwana Pasi aliondoka na mama mkwe wake akiwa kwenye kiti cha nyuma, mkoba wake miguuni.

Hawakufika mbali. Kando ya ukuta mrefu wa ghala, mahali pasipo na duka wala mtu, gari lilianza kulia, "Kwata, kwata, kwata." Bwana Pasi alisimama, akashuka, akalizunguka gari mikono ikiwa nyuma, kama mgeni rasmi anayekagua gwaride. Kisha akapiga simu.

"Niko njiani, mzee wangu!" Profesa aliitikia. "Dakika tano tu!"

"Yuko njiani," Bwana Pasi alimwambia mama mkwe.

"Nimesikia kijiko kikigonga kikombe," alijibu bibi. "Njia hiyo inaelekea kwenye chai."

Dakika tano zilipita, zikapita nyingine ishirini. Simu sasa iliita bila kupokelewa. Jasho lilimtoka Bwana Pasi chini ya tai. Mama mkwe alikuwa ameikunja barua ya hospitali na kuikunjua hata ikaanza kuchanika.

"Saa ngapi, baba?"

"Saa tatu na dakika tano, Mama."

"Basi inama."

Bwana Pasi alisogeza kola yake. "Mama, nisamehe. Mkwe hawezi kuinama mbele ya mama mkwe. Si adabu."

Bibi alimgeukia, akasema, "Baba, hapa ulipo nakuona kama ukungu uliovaa tai. Inama sasa hivi, kabla hawajanitengeneza macho!"

Maneno hayo yalimwingia. Alitandika leso yake chini, akaweka goti moja, akaweka la pili, akainama. Nyuma yake palisikika mlio mrefu: "Rrrap!"

"Nini hicho?"

"Ndege, Mama."

"Ndege wa kitambaa," alisema bibi.

Suruali ilikuwa imepasuka kuanzia kwenye mkanda hadi karibu na goti. Bukta iliyokuwa ndani, zawadi ya mkewe, ilikuwa na picha za bata wadogo wa manjano. Lakini Bwana Pasi hakuwa na nafasi ya kuona haya, kwani mbele ya pua yake, katikati ya tairi, palikuwa na kichwa cha msumari kikubwa kama kifungo cha shati. Kilikuwa kimepakwa dawa ya kung'arisha tabaka juu ya tabaka. Mara nne Profesa alijaza upepo, mara nne akaupaka msumari urembo, na mara nne Bwana Pasi alikuwa ameketi kwenye mto akisoma gazeti. Hasira ilimpanda hadi masikioni, akafoka, "Msumari!" na kuushika auchomoe.

"Usiuguse!" mama mkwe alipiga kelele. "Huo ndio kizibo chako. Lete tairi la akiba."

Bwana Pasi alifungua buti. Tairi la akiba lililokuwamo halikuwa lake. Lilikuwa dogo, kipara kama yai, na mashimo yake ya nati hayakufanana kabisa na ya gari lile. Profesa alikuwa amelibadilisha, nani ajue lini. Bwana Pasi aliegemea gari, akataka kulia.

"Tumekwisha, Mama. Nimekukosesha macho yako."

"Bado. Fungua mkoba wangu."

Ndani ya mkoba, chini ya khanga na kanda mbili, mlikuwa na pampu ya mguu, iliyokwaruzika lakini nzima.

"Uliposema upepo unashtuka," bibi alieleza, "nikajua tutahitaji mwingine."

Bwana Pasi aliinama tena, akafunga mrija kwenye valvu, akaanza kukanyaga. Tai ilirukaruka, bata nao wakapunga hewa. Mama mkwe alifungua dirisha na kusikiliza.

"Lipige kofi tairi. Bado, linasema bufu. Kanyaga, baba! Nataka liseme tung!"

Liliposema tung, waliondoka. Walisimama mara tatu njiani, ya mwisho ikiwa mbele ya lango la hospitali, tairi lilipoishiwa upepo kabisa. Kila mara Bwana Pasi alishuka na kuinama bila kutandika leso.

"Mzee," askari wa lango alimwita, "bata wako wanatoroka!"

"Waache, wanajua njia!" alijibu Bwana Pasi, akaendelea kukanyaga. Hata yeye alishangaa kusikia mzaha ukitoka kinywani mwake.

Mkewe alikuwa mlangoni akibishana na muuguzi. "Jina limeshaitwa mara mbili!" alilia alipowaona. Bibi aliingizwa ndani wakati muuguzi akivuta pumzi ya kuliita mara ya tatu.

Alasiri hiyo Bwana Pasi alikwenda gereji. Profesa alikivuta kiti. "Karibu ukae, mzee wangu!"

"Leo sikai," alisema Bwana Pasi. Aliinama mwenyewe, akachomoa msumari kwa koleo, akamwekea Profesa kiganjani.

Profesa aliutazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake wa mbali. "Huu niliuacha makusudi," alisema. "Ndio uliokuwa unazishikilia shokomzoba."

Bwana Pasi alimwelekeza kwenye tairi. Alimsimamia hadi tundu likazibwa na kupimwa kwa maji ya sabuni, na hakuondoka hadi tairi lake halali la akiba lilipotoka nyuma ya banda. Tangu siku hiyo alilipima upepo mwenyewe kila Jumamosi, akiwa amepiga magoti.

Ijumaa bandeji ziliondolewa. Familia ilikizunguka kitanda, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Bibi alipepesa macho, akamtazama kitukuu wake kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka.

"Kumbe amefanana na mimi," alisema, "na nyote mlikuwa mnanidanganya!" Kisha akamgeukia Bwana Pasi, aliyesimama wima karibu na ukuta katika suruali iliyopigwa pasi upya. "Nawe, baba, wale bata hawajambo?"

Wote waliangua kicheko. Mtoto naye alishtuka, akaangusha kijikopo chake chenye kokoto ndani. Kilibingirika hadi ndani kabisa ya uvungu wa kitanda, naye akaanza kulia. Mke wa Bwana Pasi alimtazama mumewe. Bwana Pasi alimtazama mama mkwe wake, ambaye sasa alikuwa na macho mawili mazima na hakuonyesha dalili yoyote ya kuyafumba.

Bwana Pasi alishika mkanda wake, akapiga magoti yote mawili sakafuni, akaingiza kichwa chini ya kitanda na kunyoosha mkono.

"Nimekipata!" sauti yake ilisikika kutoka chini.

Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.