Barua ya Mzee Kihwelo

Chesko alikuwa na shahada ya uzamili ya biashara, na kazi yake ilikuwa kupima misumari dukani kwa Mzee Kihwelo, vilevile kama kabla ya kusoma. Alichoongeza ni kitambi na picha ya joho ukutani.

Alipoomba nyongeza ya mshahara, mzee aliangua kicheko.

"Shahada ya nini? Mwenzako Semeni wa darasa la saba anauza kuliko wewe hapa dukani!"

"Kweli, bosi," alisema Chesko, maana ilikuwa kweli tupu. "Basi niandikie hivyo, na muhuri. Nitabandika kando ya picha ya joho, nisikusumbue tena."

Mzee akaandika kwa raha zake kwamba shahada ya uzamili ya biashara haimwongezei mtu thamani hata ya shilingi moja. Akagonga muhuri.

Jumamosi wageni walifika nyumbani kwa mzee kupanga mahari ya binti yake, Tulizo.

"Ng'ombe kumi," alisema mzee, "na sita juu yake, maana mwanangu ana shahada ya uzamili ya biashara."

Wageni walimgeukia mshenga wao. Alikuwa Chesko, binamu wa bwana harusi, naye alikunjua barua taratibu na kuiweka mezani.

Ng'ombe sita waliondoka palepale.

Jumatatu mzee alimwita pembeni.

"Nirudishie ile barua. Nina mabinti wengine wawili chuoni."

"Na nyongeza yangu?"

"Chukua! Hizi akili ulifundishwa kwenye uzamili?"

"Hapana, bosi. Nilifundishwa na Semeni."