Tandiko Lisilo na Mbao

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mtu na farasi wake, na njia ndefu mbele yao. Anayetaka kusikia asogee. Anayetaka kusinzia akalale ndani, maana mimi sirudii. Na wewe hapo, mpishe mwenzio mkekani.

Basi, mtu huyo aliitwa Vuai, naye alikuwa tarishi wa mfalme, kazi yake kupeleka habari mji hadi mji. Farasi wake alikuwa jike mweupe, jina lake Nyange. Aliyemlea Nyange tangu mtoto ni Mzee Ngwali, baba yake Vuai. Alimlea kwa pumba na majani ya kukata kwa mkono wake mwenyewe, alipokua akampa mwanawe.

Lakini Vuai alitoka kwao kwa ugomvi. Mzee alitaka kijana akae alime, kijana akataka kwenda kwa mfalme. Wakajibizana, na Vuai akashindwa kuuzuia ulimi. Alimwambia baba yake, "Siku ukifa usinitafute." Akapanda farasi, akaenda zake.

Maneno hayo, wajukuu zangu, hayasemwi. Hata kwa mzaha hayasemwi.

Siku moja akaja msafiri kutoka kwao. Akamwambia Vuai kwamba Mzee Ngwali yu hoi kitandani, hali wala hanywi, na anamwita mwanawe aje apewe radhi kabla roho haijatoka. Yule aliyeambiwa asitafute ndiye aliyetafuta. Vuai alilia mbele ya watu bila haya. Akasema ataondoka saa ile ile.

Sasa sikilizeni ujinga wa mwanadamu. Kwao kulikuwa mbali, ukimaliza nyika hii unaingia nyika ile, na matandiko ya farasi ya nchi ile yalikuwa na mbao ndani na ngozi juu. Mapaja ya Vuai yalikuwa yamechubuka kwa safari za mfalme. Akasema moyoni: kwa mapaja haya nitafika wapi? Ngoja kwanza nipate tandiko la kunistarehesha, kisha nitakwenda mbio.

Basi akaenda kwa fundi wa matandiko. Akalikalia moja, akasema, "Mbao inaniuma."

Akaenda kwa muuza ngozi, akapewa jingine lenye manyoya ya kondoo juu yake. Akalikalia, akasema, "Mbao inaniuma."

Akaazima la mfalme mwenyewe, lenye nakshi za fedha pande zote. Akalikalia, akasema, "Mbao inaniuma."

Na siku zinakwenda, na mzee wa watu yuko kitandani anautazama mlango.

Yule fundi akachoka naye. Akamwambia kwamba kwenye msitu wa miiba lipo zimwi jike linaloshona tandiko lisilo na mbao, hata kijiti hakimo. Ila mtu aliyekwenda huko akarudi, yeye fundi bado hajamwona. Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini hili halikumjua Vuai hata kidogo. Akaenda hivyo hivyo. Raha ina nguvu.

Akalikuta zimwi uwanjani kwake, limekunja miguu, shazia mkononi, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka. Likanusa, likasema linasikia harufu ya mtu, na udenda ukalitoka. Kisha zimwi likamwona Nyange, likaufuta udenda. Lilikula watu, hilo halina ubishi, lakini farasi lilimpenda kuliko wengi wetu tunavyopenda watoto wetu. Likainuka, likampapasa Nyange mgongo kuanzia shingoni hadi kiunoni, polepole, likarudi kukaa na kuanza kushona.

Lilishona mito miwili ya ngozi laini, likaijaza sufi, mmoja ukae upande huu wa mgongo na mmoja upande ule. Katikati likaacha nafasi kama mfereji, uti wa mgongo usiguswe. Vuai akalikalia. Safari hii mbao haikumuuma. Alifumba macho kwa raha.

"Sitaki malipo," zimwi likamwambia. "Lakini nisikilize. Sufi ikikaliwa sana hulala. Ikilala, uzito wako wote utashuka kwenye uti wa mgongo wa huyu. Wewe hutajua, yeye atajua. Akigeuza shingo akakutazama, shuka. Mvue tandiko, ulikung'ute, sufi iamke na yeye apumue. Usiposhuka, huyu si wako tena."

Vuai akaitikia. Na nani haitikii mbele ya zimwi?

Basi wakashika njia. Ile haikuwa safari, ilikuwa starehe. Mapaja hayakumuuma, kiuno hakikumuuma, hata usingizi ulimchukua huku farasi anakwenda. Walipofika mtoni Nyange akageuza shingo akamtazama. Vuai akanung'unika, "Nimekaa vizuri." Lakini akalikumbuka zimwi, akashuka. Akamvua tandiko, akalikung'uta, Nyange akagaagaa mchangani akainuka na nguvu mpya.

Wakaendelea. Walipofika kisimani Nyange akageuza shingo akamtazama. Vuai akasema, "Nimekaa vizuri." Akampigapiga shingo kumbembeleza. Maji aliyokunywa aliyanywa huko huko juu, kwenye kiriba chake, wala hakushuka.

Wakaendelea. Vuai akaanza kuyajua majabali ya nchi ya kwao, na moyo ukamwenda mbio. Nyange akageuza shingo tena akamtazama, na safari hii alimtazama kwa muda mrefu. Vuai akasema, "Nimekaa vizuri. Punda afe, mzigo ufike." Akampiga visigino.

Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka ya jambo jema, na haraka ya namna hiyo ndiyo inayotudanganya, kwa sababu mtu anayekwenda kutafuta radhi hadhani kwamba njiani anaweza kutenda dhambi.

Kabla hawajafika mbali Nyange akapiga magoti. Vuai akaruka chini, akalivua tandiko. Lilitoka na ngozi. Katikati ya mgongo palikuwa nyama tupu, na ile mito miwili ya sufi ilikuwa imelala kama chapati. Vuai akaketi chini akashika kichwa. Alimwomba Nyange msamaha kama anavyoombwa mtu. Alilia, maana aliona wazi kwamba yeye alikuwa amekaa juu ya maumivu ya mwenzake huku akisinzia.

Nyange akainuka mwenyewe. Akageukia kule walikotoka, kwenye msitu wa miiba, akaanza kwenda, mguu mmoja mmoja. Vuai akamwita, "Nyange." Akamwita tena, "Nyange." Akamwita mara ya tatu kwa sauti ile ambayo baba yake alikuwa akimwitia farasi huyo alfajiri. Nyange hakugeuza shingo.

Kumfuata, atamkosa baba. Kumwacha, amemkosa farasi. Vuai akamwacha. Akalitupa tandiko vichakani, akaenda kwa miguu, mapaja yale yale aliyoyahurumia yakasuguana mpaka yakatoka damu.

Alifika kwao mchana. Akaona mikeka imetandikwa nje na watu wamekaa kimya, akajua. Dada yake, Mize, alitoka mlangoni akamshika mkono. Akamweleza kwamba wamemzika baba jana. Akamweleza kwamba siku zote zile, kila kwato zikisikika njiani, mzee aliuliza kama huyo si Nyange, wakamwambia siye. Watu walimwambia aache kungoja, Vuai amekataa kuja, yale maneno aliyoyasema aliyakusudia. Mzee akawakasirikia.

"Alituambia tukuache uje polepole," Mize akasema. "Alisema, 'Nilimfunza asimchoshe farasi. Anapumzika njiani, mwanangu.' Nikamwomba hiyo radhi aniachie mimi nikupe. Akasema haitumwi, atakuja kuichukua mwenyewe akifika. Akafa anakungoja."

Kisha Mize akachungulia nyuma ya kaka yake, akaitazama njia iliyokuwa tupu.

"Kaka, Nyange yuko wapi?"

Vuai akageuka, akaitazama njia pamoja naye.

Hadithi yangu imeishia hapo, pale pale mlangoni, sina mbele ya kuwapeleka. Mliosikia mmesikia: radhi ya mzazi haimngoji mtu mpaka akae vizuri. Na siku ukijiona umekaa vizuri, mtazame anayekubeba.