Buti la Aidani

Usifungue injini kabla ya kuvua buti. Mmemsikia mama wa dukani akimwambia mumewe hivyo, mkacheka, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Kaeni. Naijua vizuri kwa sababu spana ilikuwa mkononi mwangu, na sijivunii.

Miaka hiyo fundi pikipiki hapa kijijini nilikuwa mimi peke yangu, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Jirani yangu Aidani Sanga alikuwa na pikipiki, na kila Jumatano alimpeleka mama yake, Bi Tulalumba, zahanati kusafishwa kidonda cha mguu. Mvua za Machi zilipoanza, gia zikawa ngumu. Akiingiza ya pili, inagoma. Akilazimisha, pikipiki inashtuka na mguu wa mama unagongwa. Jumatano ya tatu mama akasema basi, haendi tena, kidonda kitapona chenyewe. Kilikuwa kimeanza kunuka. Aidani alikuja kwangu amebakiza kidogo alie.

Nilikaza waya wa klachi, nikabadilisha oili. Hakuna nafuu. Kuijaribu mwenyewe nilikataa; nilimwambia Aidani azunguke nayo, mimi nisikilize. Fundi wa kweli, nilidhani, anatumia sikio.

"Meno ya gia yamelika," nikatangaza. "Tunafungua injini. Vipuri vitoke Mbeya, wiki mbili."

Bi Tulalumba alikuwa kibarazani kwake, hatua chache tu kutoka bandani kwangu, mguu juu ya kigoda.

"Fundi," akaita, "Jumapili tulikwenda kanisani. Mbona haikunirusha?"

"Njia ya kanisani ni nzuri, mama."

"Si ndiyo hiyo hiyo ya zahanati?"

Nikaanza kupanga spana zangu chini.

"Jumapili Aidani alivaa viatu vyake vyeusi. Leo kavaa hayo mabuti ya mvua. Hebu vua, mwanangu."

Aidani akavua, akapanda peku. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zikaingia kimya. Kumbe kisigino cha buti lile nene kilikuwa kinaikalia pedali ya gia kwa nyuma, hairudi mahali pake. Nililegeza nati moja, nikaishusha pedali kidogo kwa nyuma, nikakaza. Akavaa buti tena, akazunguka, gia laini. Aibu niliyoiona siku ile hamuijui. Miguuni nilikuwa na kandambili. Ningepanda mwenyewe mara moja tu, ningejua.

Bi Tulalumba akajifunga kitenge.

"Nipandisheni. Zahanati hawajafunga."

Alipokwisha kukaa, akanigeukia bila hasira.

"Ungeifungua, baba, na huu mguu ungekatwa."

Kidonda kilifunga kabla ya mahindi kukomaa, na mama yule alitembea mwenyewe hadi kanisani kushukuru. Kila aliponiona bandani nimeshika spana, alinikumbusha kwa sauti ya kusikika barabara nzima: usifungue injini kabla ya kuvua buti.