Mchuzi wa Bi Mwanakheri

Kila asubuhi Bi Mwanakheri, mama ntilie wa stendi, alisimama barabarani akiwaza apande bodaboda, asubiri basi au aende kwa miguu. Na kila asubuhi gari la jirani yake Shekilindi lilimpita likiwa tupu. Shekilindi alikuwa na msimamo wake: akimpakia mmoja, kesho mtaa mzima utamngoja getini.

Siku moja, njia ikiwa tope tupu, Bi Mwanakheri alimsimamisha. Mkononi alikuwa na sufuria, kifuniko kimefungwa kwa kanga.

"Mimi sipakii watu," Shekilindi alimuwahi.

"Najua, jirani. Mimi nitapanda bodaboda. Nibebee tu huu mchuzi wa samaki, kwenye pikipiki utamwagika."

Sufuria si mtu. Shekilindi akakubali, ikawekwa kwenye kiti cha nyuma, juu ya vitambaa vipya vyeupe. Kwenye shimo la kwanza akausikia mchuzi ukichezacheza. Akarudisha gari kinyumenyume hadi alipomwacha Bi Mwanakheri.

"Ingia uishike."

"Si umesema hupakii watu?"

"Bi Mwanakheri, ingia."

Akaingia, akaipakata sufuria mpaka stendi, Shekilindi akiendesha polepole kama anayepeleka bibi harusi. Walipofika Bi Mwanakheri alishuka, akafungua kanga, akanawa tope miguuni kwa maji safi yaliyokuwemo ndani ya sufuria.

"Na mchuzi?" Shekilindi aliuliza.

"Samaki ndio kwanza nakwenda kuwanunua. Ukiiva nitakuletea wako nyumbani jioni. Ila itabidi unipitie, maana mchuzi hauendi na bodaboda."